Kutafuta Kambi ya Juma Kuu

Santa Rosalía, 9 Januari

Naomba radhi kwa kunyamaza. Tangu Septemba sijaandika neno katika kurasa hizi, na mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote, akiwakemea watoto wa wenzake kwa kuacha kazi nusu, hana haki ya kuiacha yake. Sababu ni kwamba Rosendo alifariki, na kila nilipokaa kuandika niliona sina sentensi inayomfaa mume wangu. Sasa naandika kwa kuwa kuna kazi ya kufanya, na kazi haidai sentensi nzuri.

Kazi yenyewe ni kutafuta mahali pa kupiga kambi kwa Juma Kuu. Sisi watu wa peninsula hii, yenye Ghuba mashariki na Pasifiki magharibi, tunahamia ufukweni juma hilo zima, na familia isiyotuma mzee mbele kushika nafasi hulala nyuma ya choo cha familia nyingine. Kwa miaka yote mzee wetu alikuwa Rosendo, akifuatana na mdogo wake Nabor. Walikwenda mapema ufukwe wa El Sargacito, upande wa Ghuba, wakafunga turubai na kamba, wakakaa wakinywa kahawa mpaka sisi wengine tufike na magodoro, kuku na watoto. Mwaka huu Rosendo hayupo, na El Sargacito imezungushiwa seng'enge na mwenyewe mpya tusiyemjua.

Kuna jambo zito kuliko seng'enge. Rosendo alifariki juma lile la tufani. Barabara ya kutoka Pasifiki ilikuwa imekatwa na mafuriko, na Graciela, binti yangu, ameolewa huko. Mwanangu Teódulo, anayeishi hapa, alimzika baba yake kesho yake, maana joto la Septemba halingoji mtu. Graciela alifika udongo umeshakauka. Hajasema na kaka yake tangu siku hiyo. Sasa Teódulo amenitangazia kwamba hatalaza wanawe kwenye ukungu wa Pasifiki, na Graciela amenitangazia kwamba hatakanyaga tena pwani ya Ghuba. Nisipopata mahali watakapokubali wote wawili, kutakuwa na kambi mbili, na zikiwa mbili mwaka huu zitakuwa mbili daima. Wajukuu wangu watakua wakisalimiana kama watu waliokutana kituo cha mafuta.

Nabor amepita jioni.

"Shemeji, nimekagua pikapu. Breki zipo."

"Zipo zote?"

"Zipo za kutosha."

Sijawahi kumthamini sana mtu huyu. Hana kazi aliyoimaliza. Lakini pikapu ni yake, na mimi siendeshi.

14 Januari

Tumelala Los Cirialitos, upande wa Ghuba. Rosendo hakusifu mahali ambapo hajalala, nasi tunafuata utaratibu huo. Kwa macho pazuri: mchanga mgumu wa kubeba gari, kuni za kutosha, mwamba mrefu upande wa kusini. Huo mwamba ungekuwa kaskazini tungemaliza kazi leo. Upepo wa majira haya unatoka kaskazini, na alasiri ulipoanza haukukuta wa kuuzuia. Tulikula maharagwe yenye mchanga. Nabor alilishikilia turubai kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie jikoni.

"Liachie," nikamwambia.

"Nikiliachia, shemeji, tutalifuata mpaka Sinaloa."

Hapafai.

15 Januari

Upepo.

16 Januari

Upepo. Nabor ameimba.

27 Januari

Ghuba ndogo ya Las Comadres. Imefungwa na vilima pande tatu, upepo hauingii kabisa, na kwa sababu hiyo usubi wote wa pwani umehamia hapo. Wadudu wasioonekana, lakini nyusi zangu zimevimba hata miwani hainikai.

Tumebishana. Mimi natazama mambo manne: upepo, kivuli, mteremko wa ufukwe na njia ya gari. Nabor anatazama kama kuna majirani wenye gitaa.

"Kambi bila majirani ni hospitali," alisema.

"Kambi yenye gitaa ni kilabu cha pombe."

"Basi ndiyo, shemeji. Angalau kilabuni watu wanaongea."

Hapafai.

2 Februari

Sikukuu ya Mishumaa. Nimekula tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, nyumbani kwa Teódulo. Mkewe amezipika vizuri, nimemwambia. Wajukuu walinionyesha ndoo na makoleo yao ya kuchimbia chaza, wameshayaosha tayari kwa safari ambayo haina mahali.

Watoto walipotoka nilimwuliza Teódulo kama anaweza kuvumilia Pasifiki mwaka mmoja tu.

"Kule ni baridi, Mama. Watakohoa mpaka Pentekoste."

"Baba yako alilala huko mara nyingi."

"Baba hayupo wa kuulizwa."

"Dada yako yupo."

Alifungua tamale nyingine, akaiacha sahanini bila kuila. "Anayo namba yangu," akasema.

Namjua mwanafunzi anayelijua jibu na hanyooshi mkono, anangoja aitwe. Teódulo amekaa hivyo tangu Septemba. Lakini mimi si wa kumwita. Anayetakiwa kumwita yuko upande wa pili wa jangwa.

3 Februari

Pancha mbili. Sijafika popote.

8 Februari

Tumejaribu fukwe mbili kusini. Ya kwanza, mawe. Ya pili ni mdomo wa korongo, na maji ya mafuriko ya Septemba yameacha mti mzima juu ya mchanga. Nabor alitaka tulale hapo kwa kuwa mti ule ungetufaa kwa kuni. Nimekataa. Mvua hainyeshi Machi, hilo najua, lakini mahali panapoonyesha vile maji yalivyopita, Graciela akipaona ataona barabara yake.

Miguu inauma. Sijui Rosendo alipataje kurudi kutoka shughuli hizi akipiga mbinja.

14 Februari

Jumatano ya Majivu. Tumepokea majivu San Ignacio, katikati ya peninsula, kisha tumeshika njia ya Pasifiki. Nabor hakujifuta, amefika kijijini kwa Graciela na paji la uso jeusi kama mchoma makaa. Watoto wamemcheka, naye amecheka nao. Majira haya nyangumi wamo kwenye wangwa, hori kubwa la bahari lililoingia nchi kavu, na mkwe wangu anashinda majini akiwapeleka wageni kuwatazama.

15 Februari

Graciela alikuwa anasafisha samaki. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwuliza nilichomwuliza kaka yake.

"Mama, mimi nilifika mmeshafua shuka zake," alisema. "Zilikuwa zinaning'inia uani. Hata harufu yake hamkuniachia."

"Kaka yako hakujua barabara ingefunguliwa lini."

"Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa kwenye matope upande wa pili, naiangalia."

"Angengoja, na joto lile?"

"Angenipigia. Angesema, Chela, siwezi kungoja. Ningelia, ningemtukana, ningesema haya, mzike. Nini kilimzuia kunipigia?"

Simu zilikuwa zimekatika siku ile, na yeye anajua. Sikumkumbusha. Kuna makosa ambayo mwalimu huyaacha bila wino mwekundu, si kwa sababu hayaoni.

Hivi ndivyo ninavyoona sasa: nilikuja nikidhani binti yangu ni mkaidi na mwanangu ana kiburi. Nimekuta wote wawili wanangoja simu ileile moja.

17 Februari

Tumepapata.

Panaitwa Médano Chico. Ni kilima kidogo cha mchanga kwenye ukingo wa wangwa, nyuma yake miti ya msonobari-chumvi iliyokaa safu moja kama iliyopandwa. Kilima kinazuia upepo wa kaskazini. Ukungu unafika asubuhi, lakini unaondoka mapema. Mchanga safi, chaza wapo karibu, na njia inapita kwenye uwanda wa chumvi ulionyooka na mgumu kama barabara ya lami. Tumelala usiku mmoja na sijasikia mdudu wala upepo. Nabor ametembea akipiga mchanga kwa kisigino huku na huku, akasema hata magari kumi yatakaa.

Nilipanda kilimani ambako simu inashika, nikampigia Teódulo. Nilimweleza mambo yangu manne moja baada ya jingine, na yote yalikuwa sawa.

"Ni Pasifiki?" aliuliza.

"Ni mahali pazuri, mwanangu."

"Basi mtafurahi."

Akakata simu. Nilishuka. Nabor alinimiminia kahawa, akaweka sukari bila kuniuliza, ingawa situmii. Nimeinywa.

Hata hivyo tutashika nafasi. Turubai likishafungwa, pengine atakuja. Tunarudi Ijumaa na vitu vyote.

23 Februari

Médano Chico. Tumefunga turubai kubwa, lile la familia nzima. Kamba tumezizungusha mpaka kwenye miti. Nimechoka lakini kwa namna nzuri.

24 Februari

Asubuhi nilitoka hemani nikaona bahari pande zote.

Naandika taratibu ili niandike sawasawa. Uwanda wa chumvi, ule mgumu kama lami, haukuwepo. Mahali pake palikuwa na maji matulivu yenye rangi ya bati, na ndege wawili wenye miguu mirefu walikuwa wanatembea pale tulipopita na gari jana. Tuko juu ya kisiwa. Maji yalifika mpaka kwenye kamba zetu, yakazilaza, yakakaa.

Nilimwamsha Nabor. Alisimama akiwa na blanketi mabegani, akatazama maji.

"Shemeji," akasema, "leo mwezi uko vipi?"

Ni mpevu. Tulipolala hapa mara ya kwanza mwezi ulikuwa nusu na maji yalikuwa mafu, hayapandi wala hayashuki kwa maana. Leo ni bamvua, maji yanapanda kuliko siku zote. Na Juma Kuu, kila mwaka, bila kukosa, huja na mwezi mpevu, kwa kuwa ndivyo Pasaka inavyohesabiwa. Mimi nimewafundisha watoto wa Santa Rosalía hesabu hiyo. Nabor amelala ufukweni Juma Kuu kila mwaka tangu azaliwe. Wazee wawili wazima, Wakatoliki, watu wa pwani, tumepima kambi ya Pasaka kwa maji mafu.

"El Sargacito kulikuwa na mteremko," alisema Nabor. "Maji yakipanda tulikuwa tunarudi nyuma kidogo. Sikuwahi kufikiri."

"Mimi pia sikufikiri."

"Basi tuko wawili. Hiyo nayo ni nafuu."

Alasiri maji yalikupwa, na tukafanya kosa la pili. Tuliona uwanda umerudi, mweupe, umenyooka, tukapakia na kuondoka. Juu palikuwa pakavu. Chini palikuwa uji. Pikapu iliingia mpaka kwenye ekseli. Nabor alikanyaga mafuta, na kila alivyokanyaga tulishuka zaidi, mpaka nikamwamuru azime. Tulirudi kilimani kwa miguu tukiwa na blanketi, maji ya kunywa na kopo la dagaa, tope likinivua viatu kila hatua.

Nabor amepanda juu kupiga simu. Nilimwona kwa mbali akipunga mkono, kama anayesimulia jambo kubwa. Aliporudi alisema tu kwamba watu watakuja kesho maji yakipwa.

25 Februari

Amekuja Graciela na gari la mumewe. Halafu, kutoka upande mwingine wa uwanda, amekuja Teódulo na lake. Walisimamisha magari mbali mbali, kama watu waliokuja misa mbili tofauti. Wakatembea kwenye tope kila mmoja kwa njia yake, na wote wawili walikuja moja kwa moja kwangu.

Graciela alinishika mkono wa kushoto. "Umeumia wapi?"

Teódulo alinishika wa kulia. "Ulianguka vipi?"

Nilimtazama Nabor. Nabor alitazama nyangumi.

"Sijaanguka popote," nikasema.

Hakuna aliyeniachia. Nilisimama pale katikati kama meza inayobebwa na watu wawili, kila mmoja akiangalia upande wake.

Kazi ilichukua mchana kutwa. Gari la Teódulo ndilo lenye nguvu, lakini halikuweza kusogea karibu, na kamba yake haikufika. Kamba ya Graciela nayo haikufika. Ilibidi waziunge. Graciela alipiga magoti matopeni akitia mbao chini ya magurudumu, Teódulo akafunga kamba kwenye chesisi, kichwa chake karibu na bega la dada yake, na Nabor akakaa kwenye usukani.

"Ba'mdogo," Graciela alisema, "mwambie huyo avute polepole."

"Ba'mdogo," alisema Teódulo, "mwambie huyo aunyooshe ubao kwanza."

"Nimewasikia wote," Nabor alijibu dirishani. "Sasa ni nani aliyebaki wa kuambiwa?"

Hawakucheka. Pikapu ilitoka mara ya tatu. Graciela alitazama magurudumu, akaiambia hewa kwamba matairi yale yamekwisha. Teódulo akaiambia hewa ileile kwamba yalikwisha zamani. Hayo ndiyo mazungumzo yote ya wanangu tangu baba yao azikwe, na yalihusu matairi ya Nabor.

Wakaaga, wakaondoka, mmoja magharibi na mmoja mashariki.

"Uliwaambia nimeanguka," nikamwambia Nabor.

"Ningesema gari limezama, shemeji, wangetuma fundi."

Mwanafunzi angesema uongo kama huo, ningemsimamisha mbele ya darasa. Nabor nilimpa blanketi akunje.

1 Machi

Santa Rosalía. Nimeosha nguo. Tope la chumvi halitoki.

4 Machi

Tumerudi upande wa Ghuba. Kila pafaapo pameshafungwa kamba. Los Cirialitos, palepale tulipopakataa kwa ajili ya upepo, kuna familia tatu, na mzee wao mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki akilinda mchanga mtupu. Alinipungia mkono.

5 Machi

Upepo.

6 Machi

Upepo. Nabor anakohoa. Hajaimba.

7 Machi

Tumelala kwenye changarawe kusini mwa Las Comadres kwa sababu pancha ilitupata hapo na si kwa sababu nyingine. Nabor alishindwa kuinua jeki, nikamsaidia, tukamaliza tukiwa tumeketi chini wote wawili, tumeegemea gurudumu. Niliona ana mikono ya mtu mzee. Sijui kwa nini lilinishangaza. Amenizidi miaka miwili.

Alichemsha kahawa. Safari hii hakutia sukari.

"Nikuambie jambo, shemeji? El Sargacito palikuwa pabaya."

"Rosendo alisema ndipo pazuri kuliko pote."

"Alikuambia wewe. Ulikuwa unafika umechoka na shule, una mizigo, una watoto. Angekuambiaje? Kaskazini wazi, usubi kila jioni, kivuli hamna. Tulikuwa tunaziba matundu ya turubai mpaka siku ya Jumapili ya Matawi."

"Mbona hamkuhama?"

"Kila mwaka tulitaka kuhama. Mimi nilitaka Pasifiki, yeye hataki. Tulikuwa tunagombana majuma mawili. Mimi na kaka yangu, shemeji, tuligombania mambo ya mwaka mzima: mbuzi, mama yetu, ule mlango nilioazima, kila kitu. Kuna siku alinirushia sufuria. Nyinyi mlipofika, tulikuwa hatuna kilichobaki cha kugombania."

Nilimtazama.

"Mlituona tunakunywa kahawa tumenyamaza," akasema, "mkadhani tumependezwa na bahari."

"Sasa miezi miwili hii tumekuwa tunatafuta nini?"

"Wewe sijui. Mimi natafuta petroli."

Miaka yote hiyo niliandika, katika daftari za nyuma, kwamba Nabor hana kazi aliyoimaliza. Ipo moja. Alikuwa akiimaliza kila mwaka kabla hatujafika kuiona.

10 Machi

San Ignacio. Mwezi mwandamo, maji ya bamvua tena, lakini hapa hakuna bahari. Tumefikia kwa binamu wa mama yake Nabor, chini ya mitende, na nimemwambia Nabor sitakwenda kutazama ufukwe mwingine. Alidhani naumwa. Sikuumwa. Nimemaliza yale niliyoweza kuyapima.

11 Machi

Nimewaita wote wawili. Kwa Teódulo nimesema, njoo San Ignacio Jumatano asubuhi, uwanja wa kanisa. Kwa Graciela nimesema maneno yaleyale. Sikusema naumwa wala nimeanguka, na sikusema nani mwingine anakuja. Hilo la mwisho nimejifunza kwa Nabor.

13 Machi

Walifika. Graciela alipoona gari la kaka yake alitaka kugeuza, lakini nilikuwa nimesimama katikati ya njia, na bado hajafikia kiwango cha kumgonga mama yake.

Nimewaketisha kwenye benchi moja. Nabor alikaa kwenye ngazi za kanisa akimenya chungwa.

"Sikilizeni," nikasema. "Mimi nimeshindwa kuchagua. Nimelala kwenye upepo, kwenye usubi na kwenye maji. Sasa mtachagua nyinyi. Mtachukua pikapu ya baba yenu mdogo, moja, mtakwenda mtakako. Mtalala hapo. Mtarudi mniambie."

"Sipandi gari moja naye," alisema Graciela, akiniambia mimi.

"Basi tembea. Jangwa ni pana."

"Mama, nina kazi," alisema Teódulo. "Na hizo breki?"

"Zipo za kutosha," Nabor alisema kutoka kwenye ngazi.

"Mkichagua Ghuba nitakuja," nikasema. "Mkichagua Pasifiki nitakuja. Mkirudi na majibu mawili, sitakwenda kwa yeyote. Nitakaa hapa na Nabor nile tende, na wajukuu nitawaona kwenye harusi zao."

Nilidhani watabisha zaidi. Graciela aliangalia mikono yake. Teódulo aliinuka, akazunguka pikapu, akapiga teke kila tairi. Kisha akaweka spea mbili kutoka gari lake, na dumu la maji, na jeki yake mwenyewe, akaingia kwenye usukani. Alikaa hapo injini ikiunguruma. Hakumwita. Lakini hakuondoka.

Graciela alikaa benchini mpaka Nabor akamaliza chungwa. Halafu aliinuka, akafungua mlango wa pili, akaingia, akaubamiza kwa nguvu ambayo mlango ule haukustahili. Wakatoka uwanjani. Kwenye njia panda walisimama muda mrefu, kwa kuwa kushoto ni Pasifiki na kulia ni Ghuba. Miti ikaniziba, sikuona walikopinda.

"Sufuria imo garini?" Nabor aliniuliza.

"Imo."

"Nzito?"

"Ya chuma."

"Vizuri," akasema.

14 Machi

Hawajarudi. Tumekula tende na jibini. Upepo umevuma juu ya mitende, hapa chini hatukuusikia.

15 Machi

Hawajarudi. Mkwe wangu amepiga kuuliza. Mke wa Teódulo amepiga kuuliza. Nimewajibu wote kwamba wako kazini. Nabor analala sana, na kikohozi kimepungua.

16 Machi

Mchana huu simu yangu imelia. Ni ujumbe wa sauti, umetumwa na simu ya Teódulo, ila sauti ni ya Graciela. Upepo ni mwingi na haisikiki vizuri. Anauliza kifungulio cha makopo kiko wapi, wamekitafuta gari zima na wana njaa. Hasemi wako pwani gani. Hasemi kama wamepatana au kama wanazungumza tu ili wale. Sauti yake imekwaruza, kama ya mtu aliyepiga kelele sana au aliyelia, na kwa umbali huu siwezi kutofautisha.

Kabla ujumbe haujakatika, anageuza uso pembeni ya simu na kusema, kwa ukali wa mtu aliyeulizwa jambo mara mbili, "Hapo nimeshatazama."

Maneno hayo hakuniambia mimi.

Nimeusikiliza tena mara kadhaa, kisha nikampa Nabor ausikilize. Aliuweka sikioni, akanirudishia simu, akaenda kuongeza maji kwenye birika.

Nimewajibu kwamba kiko kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Mengine sikuuliza. Jumapili ya Matawi imekaribia na fukwe zote zimejaa kamba za watu, lakini hapa nilipo sina la kufanya isipokuwa kungoja. Watakapoamua, nitaandika.